Msomaji Asiyeuliza: Maelekezo ya Zana za Tarakilishi na Nafasi ya Mwanafunzi wa Kiswahili

Kuuliza si ujinga, walinena wahenga, na huenda hapana mahali ambapo methali hiyo huzingatiwa kila siku kuliko kwenye kibanda cha wakala wa M-Pesa. Huko Gesima, wadi iliyomo katika eneobunge la Kitutu Masaba, Kaunti ya Nyamira, mkulima wa majani chai anapofika kutoa fedha zake hutakiwa kitambulisho, huulizwa kiasi anachotaka, na akikitaja kwa sauti hafifu huulizwa tena. Iwapo ujumbe haujaingia, wakala hamkabidhi noti. Husubiri, huitazama simu yake mwenyewe, huuliza mtandao umekwenda wapi. Hakuna aliyemwandikia wakala huyo kitabu cha kurasa mia mbili chenye kueleza kila jambo linaloweza kutokea kibandani. Palipo na pengo katika maelekezo aliyopewa pana kinywa cha kuuliza.

Neno hilo hilo wakala sasa limetwikwa mzigo mwingine. Katika taaluma ya tarakilishi, wakala wa akili unde ni programu inayopewa kazi kwa lugha ya kawaida, ikaielewa kwa kadiri yake, ikasoma maelekezo ya zana zinazohitajika, ikaandika msimbo, ikauendesha, ikaona hitilafu, ikarekebisha na kuendelea mpaka iamini kwamba kazi imekwisha. Wakala wa aina hii husoma kwa dakika chache maelekezo ambayo mwanaprogramu angeyasoma kutwa nzima. Anaweza pia kuuliza, maadamu ameundwa hivyo, lakini aghalabu haulizi. Akikuta pengo hulijaza kwa lile linaloelekea zaidi kuwa kweli, kisha hutenda, na taarifa ya kazi yake huitoa kwa lugha ya mtu mwenye yakini. Kwa sababu hiyo, suala la jinsi maelekezo ya zana za tarakilishi yanavyoandikwa, ambalo kwa miaka mingi liliachiwa wahandisi, limegeuka kuwa suala la uandishi. Makala haya yanashikilia kwamba suala hilo ni la wanafunzi wa Kiswahili pia, na kwamba likipuuzwa hasara itawafikia kwanza watu wa mahali kama Gesima.

Si mara ya kwanza kwa Kiswahili kubishiwa hodi na tarakilishi. Katika miaka ya 2000 wanafunzi na walimu wao walijadiliana kwa ari kama chombo hicho kiitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta, na leo mjadala kama huo unaendelea baina ya akili unde, akili mnemba na akili bandia. Mjadala wa majina una utamu wake, na majarida ya vyama vya Kiswahili yameula vya kutosha. Mwaka 2004, kutokana na mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya kiofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Baadaye kidogo kampuni ya Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya Windows. Juhudi hizo zilikuwa za thamani kubwa. Hata hivyo, zote zilishughulikia kile ambacho jicho la mtumiaji hukiona kwenye kioo: vitufe, orodha, ujumbe wa tahadhari. Tabaka la chini, yaani maandishi yanayomweleza mjenzi wa programu jinsi zana inavyofanya kazi, lilibaki kando, na wanaisimu wachache mno walilitamani.

Kudharauliwa kwa tabaka hilo kulikuwa na sababu. Mwongozo wa kwanza wa mfumo wa Unix, ulioandikwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie, una tarehe ya Novemba 3, 1971, na ulikusudiwa watu waliofanya kazi katika maabara moja na waandishi wake. Msomaji aliyekwama aliweza kunyanyuka kitini akaenda kubisha mlango wa pili. Desturi ya uandishi wa kihandisi ilizaliwa katika mazingira hayo: mkato, majina ya kifupi, na dhana kwamba msomaji anajua nusu ya mambo tayari. Mnamo Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitangaza itifaki iitwayo Model Context Protocol, ambayo kwayo kila zana hutambulishwa kwa wakala kwa mambo ambayo mwalimu yeyote wa lugha angeyatambua: jina, maelezo ya maneno ya kawaida, na orodha ya vitu vinavyotakiwa kuingizwa. Wakala huyasoma maelezo hayo na kwa msingi wake huamua zana ipi itumike na wakati gani. Miezi miwili kabla, Jeremy Howard alikuwa amependekeza faili la llms.txt, waraka mfupi unaowekwa katika tovuti ili usomwe na mashine za lugha. Na mwaka 2025 ukaenea mtindo wa kuweka faili la AGENTS.md ndani ya miradi ya programu kwa madhumuni yanayofanana. Maana ya mambo haya ni kwamba sentensi sasa ni sehemu ya mtambo, kama ilivyo nati au mkanda. Ikilegea, kinacholegea ni kazi yenyewe.

Kenya ina mfano ulio karibu kuliko hiyo yote. Mwaka 2017 Safaricom ilizindua kiolesura kinachowawezesha wanaprogramu kuunganisha programu zao na M-Pesa, huduma iliyoanza Machi 2007. Kiolesura hicho kiliitwa Daraja. Jina ni la Kiswahili, tena limechaguliwa vyema. Maelekezo yaliyo chini ya jina hilo yaliandikwa kwa Kiingereza. Kupitia Daraja, duka, kanisa, shule au chama cha akina mama kinaweza kupeleka ombi la malipo likajitokeza lenyewe kwenye simu ya mteja, mteja akaingiza nambari yake ya siri, na fedha zikahama.

Hapo penye urahisi ndipo penye mtego. Programu inapopeleka ombi, hupata jibu papo hapo. Ndani ya jibu hilo mna uga uitwao ResponseCode, na mambo yakiwa sawa uga huo hubeba sifuri. Sifuri hiyo ina maana kwamba ombi limepokelewa ili lishughulikiwe. Haina maana kwamba mtu amelipa. Baadaye, mteja akishaingiza nambari ya siri, au akishakataa, au simu yake ikiwa imezimika, huja mrejesho wa pili kwenye anwani ambayo programu iliitaja. Ndani ya mrejesho huo mna uga mwingine uitwao ResultCode, na humo pia sifuri ni heri: sasa ndiyo malipo yamekamilika. Ikiwa ni 1, salio la mteja halikutosha. Ikiwa ni 1032, ombi limefutwa. Ikiwa ni 1037, simu haikupatikana au mteja hakujibu kwa wakati. Sifuri mbili, zenye majina yanayokaribiana kama Kurwa na Doto, mojawapo ikisema "nimesikia" na nyingine ikisema "nimelipwa".

Na ichukuliwe mfano wa kubuni, wa chama cha wanawake ishirini wa Gesima ambao kila mmoja huchanga shilingi 500 kwa wiki. Kijana mmoja wa hapo, aliyemaliza chuo na hajapata ajira, anajitolea kuwatengenezea daftari la tarakilishi kwa msaada wa wakala wa akili unde. Anamwambia wakala: peleka ombi la malipo kwa kila mwanachama, na aliyelipa andika kwamba amelipa. Wakala anasoma maelekezo, anaona sifuri ya kwanza na neno la kufaulu kando yake, na anaandika msimbo unaomhesabu mwanachama kuwa amelipa mara tu sifuri hiyo inapotokea. Jaribio la kwanza linafanikiwa, kwa sababu kijana anajaribu kwa simu yake mwenyewe na analipa kweli. Programu inaanza kazi. Ikiwa kila wiki wanachama watatu tu wataandikwa kuwa wamelipa ilhali ombi walilifuta au salio halikutosha, ifikapo wiki ya 52 daftari litaonyesha shilingi 78,000 ambazo hazimo katika akaunti. Desemba wakija kugawana, hakuna atakayemshuku wakala wa akili unde. Atashukiwa mwekahazina. Kila aliyekulia katika jamii yenye vyama vya aina hiyo anajua shutuma kama hiyo huishia wapi: watu waliochotea maji kisima kimoja huacha kusalimiana.

Kuna na kosa la upande wa pili. Mrejesho unaweza kuchelewa au kupotea njiani. Wakala ambaye hakuambiwa la kufanya huenda akaandika programu inayopeleka ombi upya kila inapopita dakika moja bila jibu. Mama aliyekwisha lipa anaona ombi la pili, anadhani la kwanza lilikwama, anaingiza nambari ya siri tena, na shilingi 500 zinakuwa 1,000. Daraja lina njia ya kuuliza hali ya ombi lililokwisha pelekwa, na njia hiyo ingetosha. Lakini njia iliyoelezwa katika ukurasa wa mbali, bila kutajwa pale inapohitajika, kwa msomaji asiyejua kwamba anaihitaji ni kama haipo.

Inawezekana kusema kwamba hilo ni kosa la kijana, kwamba alipaswa kuukagua msimbo. Ni kweli, lakini ukaguzi wenyewe unahitaji maandishi ya kukagulia. Maelekezo mazuri yangeandikwa takriban hivi: "Zana hii humwomba mteja alipe. Jibu la kwanza lenye sifuri lina maana kwamba ombi limefika. Mteja bado hajalipa. Usiandike malipo katika daftari kwa kutegemea jibu hilo. Ngoja mrejesho. Mrejesho wenye sifuri ni malipo. Mrejesho wenye nambari nyingine yoyote si malipo. Mrejesho usipofika, uliza hali ya ombi lile lile kwa nambari yake. Usipeleke ombi jipya, kwa maana mteja anaweza kulipa mara mbili. Hali ya ombi isipojulikana, acha nafasi wazi na umwarifu mwekahazina." Hakuna istilahi ngumu hapo. Kuna kutenganisha hatua, kuna kutaja kitu kisichofanywa na zana, kuna katazo na sababu yake, na kuna mahali ambapo mashine inaamriwa kunyamaza ili binadamu aamue. Mwekahazina wa Gesima akisomewa maneno hayo anaweza kuyathibitisha au kuyapinga. Akionyeshwa msimbo hawezi.

Ni nani basi aliyefunzwa kuandika na kukagua sentensi za namna hiyo? Kila aliyepitia shule ya upili ya Kenya katika mfumo wa 8-4-4 anazikumbuka tungo tata. Mwanafunzi alipewa sentensi kama "Alimpigia mpira" akatakiwa kutoa maana zake: alipiga mpira kwa niaba yake, aliupiga mpira kuelekea kwake, alimpiga kwa sababu ya mpira. Zoezi hilo wengi walilifanya kwa ajili ya alama mbili tatu na kulisahau. Kumbe ndilo zoezi hasa linalohitajika. Mtu aliyezoea kuisoma sentensi moja na kuona maana tatu ndani yake ana jicho ambalo mhandisi aliyeiandika hana, kwa sababu mwandishi huiona maana moja tu, ile aliyoikusudia.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha hatari hiyo kwa Kiswahili chenyewe: "Mteja akimlipa mkulima, mtumie risiti." Nani apelekewe risiti, mteja au mkulima? Viambishi a- na -m- vya ngeli ya kwanza havitofautishi, kwa kuwa wote wawili ni watu. Msomaji wa kawaida hutatua utata huo kwa desturi, kwamba risiti huenda kwa aliyelipa. Wakala huenda akaotea hivyo hivyo, na huenda asifanye hivyo. Kitenzi chenyewe kina mashaka yake: tumia ni kufanya kitu kiwe na kazi, na tumia ni kutuma kwa ajili ya mtu au kuelekea kwake. "Mtumie wakala" ni amri mbili katika umbo moja, na katika shughuli za fedha tofauti baina yake ni pesa kutoka mfukoni.

Hata hivyo, lugha hii ina nguvu ambayo maelekezo mengi ya Kiingereza yangeihusudu. Neno moja la Kiingereza la malipo hutumika kwa fedha zinazoingia na zinazotoka, kwa anayelipa na anayelipiwa, na wanaprogramu wamelazimika kubuni vifupisho ili kutenganisha mteja anayeilipa biashara na biashara inayomlipa mteja. Kiswahili kina lipa, lipwa, lipia, lipiwa, lipisha na lipana, na kila kiambishi nyambuaji kinaonyesha ni nani anatenda, ni nani anatendwa na ni kwa ajili ya nani. Zana iitwayo "lipisha mteja" haiwezi kuchanganywa na zana iitwayo "lipa mkulima". Sarufi ambayo wanafunzi huichora kwa vielelezo vya matawi ubaoni ingeweza kufanya kazi ya ulinzi.

Kuna pia mambo ambayo si ya sarufi bali ya maisha, na haya ndiyo magumu zaidi kwa mtu aliye mbali. Maelekezo yakisema kwamba programu ipeleke ujumbe "saa mbili", mkazi wa Gesima hufahamu kuwa ni asubuhi baada ya jua kupanda, au ni usiku. Mashine iliyolelewa kwa maandishi ya Kiingereza inaweza kufahamu saa nane za usiku au za mchana. Wanachama ishirini wakaamshwa usiku wa manane na ombi la kulipa. Dawa ni kuandika saa kwa mfumo wa tarakimu, 08:00 au 20:00, na kuieleza kwa maneno kando yake. Vipimo navyo ni hivyo. Mahindi sokoni hupimwa kwa gorogoro na debe, ndizi huuzwa kwa mkungu ambao hauna uzito maalumu, na majani chai hupimwa kwa kilo katika kituo cha kununulia. Programu iliyoambiwa "andika kiasi" bila kuambiwa kiasi cha nini itajumlisha gorogoro na kilo kana kwamba ni ndugu. Nambari za simu ndizo zilizozoeleka kuliko yote, na kwa hiyo ndizo zinazosahauliwa. Daraja linataka nambari ianze na 254 bila sifuri ya mwanzo, ilhali watu huandika 07. Na tangu mwaka 2019 zimekuwapo nambari zinazoanza na 01, ambazo maelekezo ya zamani yenye mifano ya 2547 pekee huzifanya zionekane kuwa kosa.

Mji wa Keroka, usio mbali na Gesima, una fundisho lake. Mji huo uko mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, na mipaka yake imekuwa chanzo cha mvutano baina ya kaunti hizo mbili. Zana inayotaka "kaunti ya mteja" ikijazwa na wakala aliyejua jina la mji tu, wakala atachagua kaunti moja na kuiandika bila kusita, kisha ada au huduma itakwenda upande usiostahili. Maelekezo yaliyoandikwa na mtu aliyewahi kukanyaga Keroka yangesema wazi: jina la mji halitoshi, uliza. Hiyo "uliza" ni neno moja tu, lakini haliandikwi na mtu asiyejua kwamba pana swali.

Wapo watakaohoji kwa nini Kiswahili kitajwe kabisa katika jambo hili, ilhali mashine hizi zimesoma Kiingereza kingi kupita lugha nyingine zote na huenda zikafuata maelekezo ya Kiingereza kwa usahihi zaidi. Hoja hiyo ina uzito na haifai kuepukwa kwa uzalendo. Majina ya uga kama ResultCode hayatafsiriwi. Yakitafsiriwa msimbo hautafanya kazi. Hali kadhalika, maelekezo ya jumla ya zana kubwa yataendelea kuandikwa kwa Kiingereza, na hapana madhara makubwa katika hilo. Lakini maelekezo ya wakala yana wasomaji wawili. Wa kwanza ni mashine. Wa pili ni mwenye shughuli, yule ambaye fedha ni zake na lawama itakuwa yake. Kanuni za chama cha Gesima, kwamba aliyefiwa hasamehewi mchango bali huahirishiwa, kwamba faini ya kuchelewa haitozwi msimu wa karo, hazimo katika waraka wowote wa Kiingereza. Zimo katika vichwa vya watu wanaozisema kwa Ekegusii na kuziandika, zinapoandikwa, kwa Kiswahili katika daftari la mistari. Kuzihamishia katika Kiingereza ili mashine izipate, kwa mkono wa kijana mmoja, ni kuwanyima wanawake kumi na tisa na mwekahazina wao nafasi ya kusoma kile ambacho mashine imeamriwa kufanya kwa niaba yao. Iandikwe kanuni kwa Kiswahili kilichosafishwa utata, na majina ya msimbo yabaki yalivyo ndani yake. Mashine za leo zinaukubali mchanganyiko huo.

Jambo jingine linalopaswa kusemwa, japo litawaudhi waliozoea kupima kazi kwa idadi ya kurasa, ni kwamba uwazi si wingi wa maneno. Wakala ana kikomo cha maandishi anayoweza kuyashika kwa wakati mmoja, na hata kabla hajafika kikomo, katazo muhimu lililofukiwa chini ya aya kumi za sifa za bidhaa hupoteza nguvu. Washairi wa Kiswahili walikuwa na nidhamu ya kuitosheleza fikra katika kipande cha mizani nane. Nidhamu hiyo ya kupima neno, kuuliza kama linafanya kazi pale lilipo, ni ya kuazimwa. Lakini si kila nidhamu ya fasihi inafaa. Msomaji wa Nagona (1990) ya Euphrase Kezilahabi hufurahia kutokuwa na hakika, na mhakiki hujaza kurasa kwa maana zinazokinzana. Katika maelekezo, maana ya pili ni hasara ya mtu. Mwalimu wa insha naye alimkanya mwanafunzi asirudie neno, atafute visawe. Katika maelekezo ya zana kanuni hiyo ipinduliwe. Kitu kikiitwa "mwanachama" katika sentensi ya kwanza, kisiitwe "mteja" katika ya tatu na "mlipaji" katika ya tano, kwa maana msomaji asiyeuliza anaweza kuhesabu watu watatu.

Tatizo kubwa liko katika heshima. Mtaala uliwafundisha wanafunzi insha za kiuamilifu: barua rasmi, kumbukumbu za mkutano, ratiba, maelekezo na maagizo. Zilichukuliwa kuwa insha za wasiojaliwa ubunifu. Aliyetaka kung'ara alichagua insha ya methali au ya mdokezo, na huko chuo kikuu mgawanyo huo ukaimarishwa, kwamba fasihi ni ya wenye kipaji na uandishi wa maagizo ni wa makatibu. Tasnifu za uzamili juu ya riwaya ni nyingi. Ya kuchunguza lugha ya maelekezo ya huduma za fedha za simu, ambazo karibu kila mzazi wa mwanafunzi huzitumia, ni adimu. Hakuna anayedai riwaya ziachwe. Ila ni ajabu kwamba maandishi yanayoendesha fedha za watu kila dakika hayana wahakiki, na shairi lililosomwa na watu arobaini lina wahakiki watano.

Vyama vya Kiswahili vyuoni havihitaji kusubiri idara zibadilishe mitaala. Chama kimoja kinaweza kushirikiana na wenzao wa sayansi ya tarakilishi, kikachukua zana moja tu, mathalani programu ya michango ya chama kama ilivyoelezwa hapo juu, na kuiandikia maelekezo ya ukurasa mmoja. Wanaisimu waitafute tata ndani yake kama walivyozitafuta tungo tata shuleni. Kisha wakala wa akili unde apewe ukurasa huo na kazi ya kufanya, mara kadhaa, katika mazingira ya majaribio yasiyogusa fedha halisi, ambayo Daraja huyatoa. Pale atakapokosea, kwanza isomwe upya sentensi aliyoifuata, kabla ya kulaumu mashine. Ukurasa ule ule usomwe kwa sauti mbele ya mwekahazina wa chama, Gesima au kwingineko, asiyejua hata neno moja la msimbo, naye aruhusiwe kukatiza. Kuna uwezekano mkubwa kwamba swali lake la kwanza litakuwa lile ambalo wakala hakuliuliza na mwandishi hakulifikiria: mwanachama akilipa kwa simu ya mumewe, jina litakaloandikwa ni la nani?